Jezi Iliyobaki Mkononi: Eric Lindros na Klabu Aliyoikataa

Juni 22, 1991, mjini Buffalo, kijana wa miaka 18 alipanda jukwaani, akapeana mikono na wakubwa wa klabu, akakabidhiwa jezi ya Quebec Nordiques, klabu ya hoki ya barafu ya Kanada. Hapo kila kijana hujua la kufanya. Unaivaa palepale juu ya shati na tai, unatabasamu, wapiga picha wanachukua chao. Huyu aliishika tu. Picha zikapigwa hivyohivyo, jezi ikiwa mkononi kama nguo ya mwenzake aliyemwomba amshikie kidogo.

Aliitwa Eric Lindros, na Kanada nzima ilikuwa inamjua. Mshambuliaji wa kati, urefu mita 1.93, uzito zaidi ya kilo 100. Aliyewahi kuwaona Ice Lions wa Nairobi wakiteleza kwenye barafu ya hoteli ya Panari ana picha fulani ya hoki ya barafu. Sasa aupanue uwanja ufike mita 61 kwa 26, aongeze mwendo, kisha akumbuke kwamba kanuni zinaruhusu kumgonga mwenye paki kwa bega mpaka akae chini. (Paki ni kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokigombania.) Kwa kawaida timu huwa na watu wawili tofauti kwa kazi hizo: fundi wa kufunga na jitu la kugonga. Lindros alikuwa wote wawili ndani ya jezi moja. Kabla hajacheza hata dakika moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, alishapangwa kwenye foleni ya warithi, nyuma ya magwiji Wayne Gretzky na Mario Lemieux.

Wengi walikisoma kitendo chake cha Buffalo, na bado wanakisoma, kama cha mtoto aliyedekezwa. Nimekipitia kisa hiki mara kadhaa na sikubaliani nao, ingawa kuna mahali pamoja ambapo nashindwa kumtetea. Nitapafikia.

Drafti isiyo ya vizibo

Tuanze na drafti yenyewe, na simaanishi ile ya vizibo vya soda inayochezwa vijiweni. Drafti ya ligi za Amerika Kaskazini ni utaratibu wa klabu kugawana vijana. Kila mwaka, kwa NHL kunako mwezi wa 6, zinaita majina kwa zamu. Enzi zile iliyoburuza mkia msimu uliopita ndiyo iliyoita ya kwanza. Kijana akishaitwa, klabu ile peke yake ndiyo yenye haki ya kumsajili katika ligi nzima.

Kwa sisi tuliolelewa na soka hili ni jambo geni kabisa. Samatta alipoondoka TP Mazembe mwaka 2016 alikwenda Genk kwa kuwa Genk walimtaka na yeye akaridhia. Kijana wa hoki haulizwi. Hakuna wakala wa kulizungusha jina lake sokoni, hakuna klabu ya pili ya kupandisha dau. Anaitwa, anakwenda.

Nia ya utaratibu huo inaeleweka: wanyonge wapate nguvu, ligi isimezwe na matajiri wawili. Lakini tazama unavyofanya kazi ukiwa upande wa kijana. Kadiri unavyokuwa hodari, ndivyo unavyopelekwa kwa waliofanya vibaya zaidi. Na Quebec walikuwa wamefanya vibaya kupita kiasi. Msimu wa 1989–90 walishinda mechi 12 kati ya 80 na kumaliza na pointi 31. Mwaka 1989 waliita jina la kwanza, Mats Sundin. Mwaka 1990 wakaita la kwanza tena, Owen Nolan. Mwaka 1991 wakawa wa kwanza kwa mara ya tatu mfululizo. Ukiwa na ugonjwa na ukapewa dawa bora ya duka miaka mitatu, na bado hujapona, mgonjwa mwenzako ana haki ya kuuliza kama tatizo ni dawa.

Kanuni ilikuwa na upenyo mmoja. Kijana akikaa miaka miwili bila kusaini, jina lake linarudi kwenye drafti na klabu iliyomwita inabaki mikono mitupu. Kwa Lindros maana yake ilikuwa Juni 1993. Lakini nani, mwenye miaka 18 na mwili uliokamilika, angekaa miaka miwili akiangalia mamilioni yakipita? Ligi ilijengwa juu ya dhana kwamba hakuna.

Hapana ya kwanza

Dhana hiyo ilikuwa imeshavunjwa mara moja tayari, na aliyeivunja alikuwa huyuhuyu.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 16, Lindros aliingia drafti ya ligi ya vijana ya Ontario. Wenye zamu ya kwanza walikuwa Greyhounds wa Sault Ste. Marie, mji ulioko kaskazini, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka Toronto alikokuwa akiishi na wazazi wake. Ligi ile huendeshwa kwa basi. Timu ya pembeni namna hiyo hulala barabarani, na mchezaji ni mwanafunzi wa sekondari. Familia iliwaambia Greyhounds mapema: msimwite, hatakuja, ni mbali na shule itamshinda. Greyhounds wakamwita. Hakwenda.

Badala yake alivuka mpaka akakaa eneo la Detroit, akasoma huko na kuchezea timu ya vijana ya Compuware. Mpaka Desemba 1989 Greyhounds walikuwa wamechoka kumiliki haki ya mtu asiyeonekana. Wakamwachia aende Oshawa Generals, mwendo wa saa moja hivi kutoka Toronto, wakapokea wachezaji, nafasi za drafti na fedha. Mei 1990 Oshawa walibeba Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote ya vijana Kanada. Msimu uliofuata alicheza mechi 57, akafunga mabao 71 na kutoa pasi za mabao 78. Pointi 149.

Naomba msomaji aweke alama hapa, maana kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Mwaka 1991 Oshawa walifika fainali ya ligi ya Ontario wakiwa na Lindros aliyekuwa anachana nyavu kila wiki. Wapinzani wao walikuwa Greyhounds, klabu aliyoikataa. Greyhounds wakashinda kwa michezo minne kwa miwili. Mwaka 1993 wakatwaa na Memorial Cup yenyewe, mjini kwao. Aliyekataliwa alivuna. Tutaliona jambo hili tena, kwa ukubwa mwingine.

Mhasibu na muuguzi

Carl Lindros, baba, alikuwa mhasibu. Bonnie, mama, alikuwa muuguzi. Katika magazeti ya Kanada ya miaka ile wawili hawa walipigwa kuliko mtoto wao: wanamwendesha, wanajiona wakubwa kuliko mchezo, mama ndiye kocha halisi. Kwetu kijana wa miaka 18 akitia saini karatasi ya mamilioni ambayo baba yake hajaisoma, tunamlaumu mzazi. Kule walilaumiwa waliosoma.

Na walisoma nini? Mwenyekiti wa Nordiques, Marcel Aubut, mwanasheria mwenye maneno mengi, aliweka mezani dau lililoripotiwa kufikia dola milioni 50 kwa miaka 10. Mwaka 1991 hizo zilikuwa fedha za kutisha katika hoki. Familia ilikataa. Sababu zilizozunguka hadharani zilikuwa kadhaa. Klabu haishindi. Jiji ni dogo, biashara ya matangazo ni finyu. Na ile iliyochoma: jiji linazungumza Kifaransa.

Ukitaka kuelewa kwa nini hiyo ya mwisho iliwasha moto, inabidi utoke nje ya uwanja kidogo. Juni 1990 makubaliano ya Meech Lake, yaliyokusudiwa kuipa Quebec hadhi yake ndani ya katiba ya Kanada, yaliporomoka. Watu wa Quebec walilisoma tukio lile kama kuambiwa usoni na Kanada ya Kiingereza kwamba hamtakiwi. Mwaka mmoja baadaye anasimama kijana wa Ontario, mzungumzaji wa Kiingereza, mzuri kuliko wote, anashika jezi yenye alama ya ua la yungiyungi, ua lililoko kwenye bendera yao, na hataki iguse mwili wake. Angekuwa amekataa jezi ya Winnipeg, jiji linalozungumza Kiingereza, ingekuwa habari ya ukurasa wa michezo.

Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima aliyekwishastaafu, Lindros alieleza kwamba uamuzi ule ulimhusu mmiliki peke yake. Lugha, utamaduni na jiji havikuwamo. Hakutaka kufanya kazi chini ya Aubut. Mimi namwamini. Na hapa ndipo niliposema nashindwa kumtetea. Kama ni mmiliki, kwa nini watu wa jiji zima waliachwa miaka yote ile wakiamini ni wao? Kijana wa miaka 18 anaweza kusamehewa kwa kufunga mdomo. Wanasheria na mawakala huwafundisha hivyo. Lakini waliokuwa wamemzunguka walikuwa watu wazima, na sentensi moja ya wazi ingewapunguzia watu wa Quebec fedheha ambayo haikuwa yao. Kukataa kazi ni haki. Kumwacha jirani adhani umemkataa kwa ajili ya lugha ya mama yake ni jambo jingine.

Mwaka wa kusubiri

Aliyedhani atakaa nyumbani akinenepa alikosea. Agosti na Septemba 1991 Kanada iliunda timu ya Canada Cup, mashindano ya mataifa yenye wachezaji bora wa kulipwa. Katika kikosi kizima asiyekuwa mchezaji wa NHL alikuwa mmoja, Lindros. Alicheza pamoja na Gretzky na Mark Messier, akafunga mabao matatu, na katika mechi dhidi ya Sweden alimgonga Ulf Samuelsson, beki aliyeogopwa na kila mtu kwa ubabe wake, akamtoa mchezoni na jeraha. Kanada ikachukua kombe. Kama kulikuwa na mtu bado anasema kijana hajaiva, alinyamaza wiki ile.

Kisha akarudi Oshawa kwa mechi chache, akaenda na timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Albertville, Februari 1992. Robo fainali dhidi ya Ujerumani iliisha 3-3, muda wa nyongeza haukutoa mshindi, wakaingia kwenye mapigo ya mmoja mmoja. Tano kwa tano, bado sare. Sasa anayefunga na mwenzake akakosa amekwisha. Kocha akamrudisha Lindros, na Lindros akafunga. Akaja Peter Draisaitl, baba yake Leon Draisaitl tunayemwona leo Edmonton. Alipiga, paki ikapenya katikati ya miguu ya kipa Sean Burke, ikaanza kubingirika taratibu kuelekea wavuni huku Burke akigeuka kuitafuta. Ikalala chali juu ya mstari. Haikuvuka. Kanada ilikwenda mpaka fainali na kurudi na medali ya fedha, baada ya kufungwa 3-1 na timu ya iliyokuwa Muungano wa Kisovieti.

Mwaka ule wote, Nordiques walikuwa wakimaliza msimu na pointi 52. Kalenda ilikuwa inasogea. Juni 1993 ilikuwa imebaki mwaka mmoja, na Aubut alijua kwamba bidhaa aliyonayo itaoza mkononi.

Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili

Juni 20, 1992, siku ya drafti, safari hii Montreal. Aubut aliendesha mnada. Klabu zilipishana milangoni, kila moja ikiwa na orodha ya wachezaji na hundi. Mpaka asubuhi ile wawili walikuwa wamebaki mbele: Philadelphia Flyers na New York Rangers.

Flyers walifika bei. Wakakubaliana kwa mdomo. Kisha Aubut akawapa namba ya simu ya kumpata Lindros, wakampigia, wakazungumza naye kuthibitisha kwamba kwao atacheza. Muda si mrefu Aubut akawarudia: biashara imekufa. Alikuwa ameshakubaliana na Rangers.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kununua kiwanja anaijua hadithi hii kwa machozi. Mwenye ardhi mmoja, wanunuzi wawili, kila mmoja ana shahidi. Tofauti ni kwamba hapa kiwanja kilikuwa kinatembea, kina miaka 19, na hakuna aliyekuwa amekiuliza chochote zaidi ya kwenye ile simu moja.

Flyers walilalamika ligi. Ligi ikamteua msuluhishi, mwanasheria wa Toronto aitwaye Larry Bertuzzi, ambaye hakuwa mtu wa hoki. Alisikiliza mashahidi kwa siku kadhaa, na Juni 30 akatoa uamuzi: Lindros ni wa Philadelphia.

Uamuzi ule unafaa kusomwa na yeyote anayefanya biashara za kupeana mikono. Hakukuwa na karatasi iliyosainiwa. Swali lilikuwa: je, makubaliano ya mdomo yalikamilika, au bado yalikuwa mazungumzo? Na kilichobeba uzito mkubwa ilikuwa namba ya simu. Katika mnada mzima ule Aubut hakuwa tayari kuruhusu wanunuzi waongee na kijana kabla bei haijafikiwa. Alipoitoa ile namba kwa Flyers alikuwa amefanya anachofanya mwenye nyumba anapokukabidhi funguo. Huwezi kumpa mtu funguo, akafungua mlango, akaangalia vyumba na kuridhika, halafu ukamwambia tulikuwa tunapiga soga.

Kulikuwa na kituko kidogo cha kihesabu. Katika mapatano ya awali Flyers walikuwa wameahidi nafasi yao ya kwanza ya drafti ya 1992, lakini wakati kesi ikisikilizwa drafti ilikwishapita na nafasi wameitumia wenyewe. Ikabidi ifidiwe. Mwisho wa yote, kwa mtu mmoja, Philadelphia walitoa kipa Ron Hextall, mabeki Steve Duchesne na Kerry Huffman, washambuliaji Mike Ricci na Chris Simon, haki ya kijana wa Sweden aitwaye Peter Forsberg, nafasi za kwanza za drafti za 1993 na 1994, na dola milioni 15.

Forsberg huyo aliitwa na Flyers siku ileile ya Buffalo, namba 6, Lindros akiwa namba 1. Katika habari nyingi za Juni 1992 jina lake lilikuwa katikati ya sentensi.

Oktoba, Quebec

Lindros alisaini mkataba wa miaka 6 uliomweka moja kwa moja miongoni mwa wanaolipwa zaidi katika ligi ambayo hajaichezea. Oktoba 6, 1992, mechi ya kwanza, ugenini Pittsburgh kwa mabingwa watetezi, alifunga. Sare ya 3-3.

Wiki moja baadaye, Oktoba 13, ratiba ikampeleka Quebec.

Ukumbi wa Colisée ulijaa watu waliojiandaa. Walikuja na chuchu za plastiki za kunyamazishia watoto. Kuna waliovaa nepi. Kila alipogusa paki mzomeo ulishuka, na vitu vikaanza kuruka kuelekea uwanjani, sarafu, mayai, zile chuchu, mpaka mchezo ukasimama barafu isafishwe. Fikiria wafanyakazi wa uwanja wakiteleza na makoleo, wakikusanya vinyonyeo vya watoto mbele ya mtu wa kilo mia. Siku 13 tu baada ya usiku ule Wakanada walikwenda kupiga kura ya maoni juu ya katiba, Quebec ikiwa bado ndiyo kiini cha mjadala. Waliokuwa wanapiga kelele Colisée hawakuwa wanazomea hoki peke yake.

Yeye alifunga mabao mawili. Nordiques wakashinda 6-3. Kila upande ulirudi nyumbani na cha kusema.

Nani alipata nini

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mzuri na mfupi. Goti lilimsumbua, katika mechi 84 alicheza 61. Mabao 41, pointi 75. Msimu wa pili mechi 65, mabao 44, pointi 97. Namba za mtu mkubwa. Lakini Flyers hawakufika hatua ya mtoano msimu wa kwanza, wala wa pili, na sababu haikuwa fumbo: waliokuwa wamzunguke walikuwa wamevaa jezi za Quebec.

Na Quebec? Kutoka pointi 52 walipanda mpaka 104 ndani ya msimu mmoja. Duchesne, beki, alipata pointi 82. Ricci alipata 78. Joe Sakic, Sundin na Nolan, waliokuwa wakilea timu maiti, ghafla walikuwa na wenzao. Nafasi ya drafti ya 1993 iliwapa kipa kijana Jocelyn Thibault, ambaye Desemba 1995 alikuwa sehemu ya malipo yaliyomleta Patrick Roy, mmoja wa makipa wakubwa waliopata kutokea. Na Forsberg alipovuka bahari, aliyedhaniwa nyongeza aligeuka kuwa mzigo wenyewe.

Wazee wetu wana msemo kwa mtu kama Lindros: mkataa pema pabaya panamwita. Waliompinga wangeupenda. Nami nauliza, pema ilikuwa wapi mwaka 1991? Quebec iliyokuja kuwa nzuri ilijengwa kwa malipo ya kukataliwa. Angevaa ile jezi, Forsberg angebaki Philadelphia, Ricci na Duchesne wangebaki Philadelphia, milioni 15 zisingeingia, na yeye angekuwa hodari wa nne katika timu ya pointi hamsini na kitu. Ni kama ilivyokuwa Sault Ste. Marie: hapana yake ilikuwa na thamani kuliko ndiyo, hata kwa aliyeambiwa. Anayemlaumu kwa kuwanyima Quebec ubingwa anahesabu vibaya. Swali la haki zaidi ni kama yeye mwenyewe alilipia gharama, na jibu ni kwamba ndiyo, kwa namna moja isiyoonekana kwenye takwimu. Mtu aliyenunuliwa kwa wachezaji sita hawezi kucheza kama mmoja. Kila mechi alitakiwa aonyeshe risiti. Alikuwa anaingia katikati ya barafu kichwa kimeinama, paki ikiwa kwenye gongo, akiamini kwamba hakuna wa kumzuia, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kukutana na mkubwa kuliko yeye. Madhara ya tabia ile kwa kichwa chake yalikuja baadaye, na ni kisa kingine kirefu.

Ligi nayo ilijifunza, kwa namna ya ligi. Mishahara ya vijana wanaoanza ilipaa baada yake, hasa Ottawa walipompa Alexandre Daigle zaidi ya dola milioni 12 kwa miaka 5 mwaka 1993. Wamiliki walipofunga milango msimu wa 1994–95, moja ya waliyotoka nayo ni ukomo wa mshahara wa mchezaji anayeanza. Drafti yenyewe haikuguswa. Kijana bado anaitwa. Tofauti ni kwamba sasa hata akikataa, wa pili hawezi kumlipa zaidi.

Msimu ule uliokatwa

Mgomo ule wa wamiliki ulikula nusu ya msimu. Zikabaki mechi 48. Septemba iliyotangulia Lindros, miaka 21, alikuwa amefanywa nahodha. Februari 1995 akaja John LeClair kutoka Montreal, akawekwa kushoto kwake, Mikael Renberg kulia, majitu matatu yaliyopachikwa jina la Jeshi la Maangamizi. Lindros alicheza mechi 46, mabao 29, pointi 70, sawa kabisa na Jaromir Jagr, aliyechukua tuzo ya pointi kwa sababu alikuwa na mabao zaidi. Flyers walirudi kwenye mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1989 na kufika fainali ya kanda ya mashariki, wakatolewa na New Jersey.

Kileleni mwa kanda hiyo, juu ya Flyers, msimu wa kawaida ulikuwa umeisha na Quebec Nordiques. Timu bora kuliko zote walizowahi kuwa nazo. Na jiji dogo, ukumbi mzee, dola ya Kanada iliyochoka na mishahara ya dola za Kimarekani vilikuwa vimekwisha kuwashinda. Mei 1995 Aubut na wenzake waliuza klabu kwa watu wa Denver, jimboni Colorado, Marekani, nayo ikahamia huko. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1996, Ricci, Simon, Forsberg na Roy walinyanyua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, wakiwa Colorado.

Kabla ya hapo, Julai 1995, ligi ilikutana Toronto kugawa tuzo za msimu. Ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote, Hart, alipewa Lindros, naye aliipokea akifuta machozi. Ya mchezaji bora anayeanza alipewa Forsberg. Ya kocha bora alipewa Marc Crawford wa Nordiques. Kule Quebec, ukumbi wa Colisée, wenye barafu ileile iliyowahi kusafishwa sarafu na chuchu za watoto, haukuwa tena na klabu ya NHL.